Vichezeo vya Plastiki Vilivyogeuka Manjano: Tuvioshe, Tuving'arishe au Tuvitupe?

Katika shule nyingi za chekechea, katika vituo vya watoto na hata nyumbani kwetu, kuna katoni au gunia la vitu vya kuchezea vya plastiki vilivyopita mikononi mwa watoto wengi. Vingine vililetwa kama msaada kutoka ng'ambo, vingine vilinunuliwa kwa bei ya kutupa katika mafungu ya mitumba ya Gikomba au Kongowea, na vingine vilikuwa vya dada mkubwa ambaye sasa ana watoto wake mwenyewe. Ukivimwaga chini utaona matofali ya kujengea yaliyokuwa meupe yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, gari la kijivu limekuwa kahawia upande mmoja, na mdoli una madoa ya kalamu na unanata mkononi.

Hapo mama au mwalimu hushika brashi, sabuni ya unga na Jik, akasugua mpaka vidole vikachubuka. Manjano hayatoki. Kwa nini? Na je, kuna njia ya kuyatoa? Na swali lililo kubwa kuliko hayo: kichezeo kikishakuwa cheupe, ni salama kumpa mtoto? Usafi, weupe na usalama ni mambo matatu tofauti. Watu huyachanganya, na anayeumia ni mtoto.

MANJANO SI UCHAFU, NI KAMA MVI

Ile plastiki ngumu inayong'aa, ambayo hutumiwa kutengenezea matofali ya kujengea na magari madogo, mara nyingi ni aina iitwayo ABS. Kampuni ya LEGO ya Denmark ilianza kutengeneza matofali yake kwa ABS mwaka 1963. Kabla ya hapo ilitumia plastiki nyingine, selulosi asetati, ambayo ilikuwa na tabia ya kupinda.

ABS imeunganishwa kutokana na vitu vitatu. Kimoja chao, butadieni, ndicho kinachoifanya plastiki ianguke sakafuni bila kupasuka. Lakini hicho hicho ndicho kilicho dhaifu mbele ya jua. Miale ya jua isiyoonekana, ile ile inayopausha mapazia na nguo kwenye kamba, ikisaidiwa na joto, huifanya butadieni ishikane na oksijeni ya hewani. Polepole, mwaka baada ya mwaka, rangi ya manjano huzaliwa ndani ya ngozi ya juu ya plastiki yenyewe. Katika maganda ya tarakilishi, redio na baadhi ya vichezeo vya umeme iliongezwa pia dawa ya kuzuia moto yenye bromini, nayo huchangia kugeuza rangi.

Ukitaka kuhakikisha, bandua stika ya zamani kwenye gari la kuchezea. Mara nyingi utakuta chini yake plastiki bado ni nyeupe, kwa sababu jua halikufika hapo.

Basi, manjano haya ni kama mvi. Mtu mwenye mvi hata akioga mara tatu kwa siku, mvi zitabaki. Si uchafu, ni umri na jua. Ndiyo maana sabuni haifui dafu. Jik nayo huua viini lakini haitoi manjano ya ABS, na ukiiacha muda mrefu yaweza kuiharibu plastiki zaidi.

TAMBUA PLASTIKI ULIYO NAYO

Kabla ya kushika dawa yoyote, jua unashughulikia nini. Geuza kichezeo utazame chini yake. Vingine vina alama ya pembetatu yenye namba ndani. Namba 3 ni PVC, namba 5 ni polipropilini, namba 6 ni polistirini, na namba 7 ni aina nyinginezo, ABS ikiwa mojawapo. Kama hakuna namba, tumia mikono:

1. Plastiki ngumu, yenye kung'aa, inayolia ukiigonga kwa ukucha: yaelekea ni ABS au polistirini. Hizi ndizo hugeuka manjano.

2. Plastiki laini inayobonyea kama ngozi, kama vile kichwa cha mdoli au bata wa kuogea: yaelekea ni PVC. Tatizo lake kubwa ni kunata.

3. Plastiki inayoteleza kidogo kama nta, kama ile ya ndoo na vikombe vya watoto: ni polithini au polipropilini. Kuosha tu kunatosha.

Usijaribu kamwe kutambua plastiki kwa kuichoma na kiberiti. Moshi wake ni sumu, na midoli ya kale sana iliyotengenezwa kwa seluloidi huwaka ghafla kama petroli.

KUOSHA: KAZI YA KWANZA NA YA LAZIMA

Kila kichezeo kilichotoka kwa mtu mwingine kioshwe kabla ya mtoto kukigusa. Hapa hatuzungumzii urembo. Tunazungumzia kuhara, homa na magonjwa ya ngozi.

Hatua ya 1. Tenganisha. Vyenye betri na nyaya weka kando, vyenye nguo na nywele kando, plastiki tupu kando. Toa betri zote.

Hatua ya 2. Loweka plastiki tupu kwenye karai la maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida kwa dakika 20 hivi. Maji yasizidi nyuzi 40, yaani yale ambayo mkono unavumilia bila shida. Usichemshe, kwa kuwa maji ya moto hupinda plastiki na matofali hayatashikana tena.

Hatua ya 3. Sugua kwa mswaki laini wa zamani, hasa kwenye pembe na matundu. Usitumie waya wa kusugulia sufuria, mchanga wala majivu. Hivyo hukwaruza, na kwenye mikwaruzo ndipo uchafu mpya hukaa.

Hatua ya 4. Suuza, kisha ua viini. Kama chupa yako ya Jik imeandikwa asilimia 3.5, weka vijiko viwili vikubwa kwa kila lita ya maji. Acha vichezeo humo dakika 10, suuza vizuri kwa maji safi. Kama asilimia ni nyingine, fuata maelezo ya chupa.

Hatua ya 5. Anika kivulini penye upepo mpaka vikauke kabisa. Vichezeo vyenye tundu, kama bata wa kuogea, vikamuliwe maji yote. Ukiona maji meusi yanatoka ndani, hiyo ni kuvu, kitupe.

Kwa kawaida kazi inaishia hapa. Kichezeo kilichooshwa hivi ni safi hata kama bado ni cha manjano. Mtoto hajali rangi ya tofali, anajali kama nyumba yake inasimama.

KUNATA, KALAMU NA BETRI

Mdoli wa plastiki laini unaonata haujamwagikiwa na soda. PVC hulainishwa kwa dawa fulani wakati wa kutengenezwa, na miaka ikipita dawa hiyo huvuja kuja juu. Unaweza kuuosha kwa sabuni na kuukausha, na utakaa vizuri kwa muda, lakini kunata kutarudi. Baadhi ya dawa hizo za kulainisha, ziitwazo thaleti, Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku kwa muda mwaka 1999 katika vichezeo ambavyo watoto wa chini ya miaka 3 hutia mdomoni, kisha ukaweka sheria ya kudumu mwaka 2005. Kwa hiyo mdoli wa zamani unaonata si wa mtoto mchanga hata ukiwa umeoshwa.

Madoa ya kalamu kwenye uso wa mdoli wa PVC hufifia kwa krimu ya chunusi yenye benzoili peroksaidi. Paka juu ya doa tu, weka juani, pangusa, rudia kwa siku kadhaa. Usipake kwenye macho na midomo iliyochorwa kwa rangi, kwani itapauka. Mdoli uliopakwa krimu hii uoshwe vizuri kabla haujarudi kwa mtoto.

Kwenye nyumba ya betri ukikuta unga mweupe, betri ilivuja. Vaa glavu. Chovya kipande cha pamba kwenye siki, pangusa unga huo, kisha pangusa tena kwa kitambaa chenye maji kidogo na ukaushe. Kama kichezeo kinatumia betri ndogo za duara kama kifungo cha shati, na kifuniko chake hakifungwi kwa skrubu, usikitoe kwa watoto kabisa. Betri hiyo mtoto akiimeza inaweza kuunguza koo lake ndani ya saa 2. Ni dharura ya kukimbizwa hospitali, si ya kungoja asubuhi.

KUNG'ARISHA KWA PEROKSAIDI NA JUA

Sasa tuje kwa wale wanaotaka weupe wenyewe. Labda ni kichezeo cha ukumbusho, labda ni seti ya kuonyesha darasani, labda kikundi cha vijana kinakarabati vya kuuza. Mnamo 2008 watu wanaokusanya tarakilishi za zamani huko ng'ambo walieneza njia waliyoiita Retrobright. Dawa yake ni haidrojeni peroksaidi, ile ile inayouzwa kemisti kwa asilimia 3 na inayotumiwa saluni kupausha nywele. Jua linapoipiga peroksaidi, huivunja, na nguvu inayotoka hapo huivunja ile rangi ya manjano. Ajabu ni kwamba jua lililoleta manjano ndilo linalosaidia kuyaondoa, na la kwetu hatulinunui.

Unahitaji: peroksaidi ya asilimia 3 mpaka 6, glavu za mpira, miwani ya kukinga macho, na chombo cheupe au kinachopitisha mwanga. Huko saluni huandikwa kwa namba nyingine: 20 ni sawa na asilimia 6, na 40 ni sawa na asilimia 12. Ya 40 inaunguza ngozi, na hakuna haja nayo kwa kazi hii. Ile ya viwandani ya asilimia 35 usiiguse.

1. Osha kichezeo kwanza kama tulivyoeleza. Mafuta ya mikono huzuia dawa isifanye kazi sawasawa.

2. Toa skrubu na vyuma vyote, maana vitapata kutu. Stika na sehemu zilizochorwa ziondolewe au zisilowekwe.

3. Zamisha kichezeo chote kwenye peroksaidi. Kikielea, kilaze chini kwa chupa ndogo ya kioo iliyojaa maji. Sehemu inayochungulia juu ya dawa itabaki na mstari.

4. Weka chombo juani kuanzia saa tatu asubuhi, mahali ambapo mtoto, kuku wala mbuzi hafiki. Funika kwa kipande cha kioo kisichobana. Usifunge kifuniko kwa nguvu, kwa sababu dawa hutoa gesi na chombo kinaweza kupasuka.

5. Kila saa moja geuza vichezeo na utazame. Vingine huwa tayari kwa saa 4, vingine huhitaji kutwa nzima au siku ya pili. Dawa ikipata joto la kuchoma mkono, sogeza chombo kivulini kwa muda.

6. Vikiwa vimetosha, suuza kwa maji mengi na uanike kivulini. Peroksaidi iliyotumika ichanganywe na maji mengi na kumwagwa mtaroni. Yenyewe huvunjika ikawa maji na oksijeni.

Wengine hupaka ile krimu ya saluni badala ya kuzamisha. Inawezekana kwa kitu kikubwa, lakini krimu ikikauka sehemu moja huacha mabaka meupe ambayo hayatoki tena. Haraka haraka haina baraka. Vyenye rangi kali, mathalani bluu na nyekundu, huweza kupauka, kwa hiyo jaribu kimoja kisicho na thamani kwanza. Na plastiki iliyokwisha kukauka na kuanza kupasuka usiishughulikie. Peroksaidi hairudishi nguvu iliyopotea.

Jambo la mwisho hapa: weupe huu haudumu milele. Vichezeo vingi hurudia manjano baada ya miezi au miaka, hata vikiwekwa ndani. Vitunze kwenye katoni mbali na dirisha na mbali na bati la moto. Aliyepaka mvi rangi hajarudi kuwa kijana.

CHUPA ZENYEWE NI HATARI KULIKO MANJANO

Katika kutembelea nyumba tunakuta mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, Jik kwenye chupa ya maji, na mtoto wa miaka miwili mwenye kiu. Tafadhali, peroksaidi ibaki kwenye chupa yake nyeusi yenye maandishi, juu, penye kufuli.

Usichanganye peroksaidi na Jik, wala peroksaidi na siki, wala Jik na siki, wala Jik na sabuni ya choo. Jik na siki pamoja hutoa hewa ya klorini inayoumiza mapafu. Dawa moja kwa wakati mmoja, na suuza katikati.

Ikimwagika kwenye ngozi, ngozi hugeuka nyeupe na kuwasha. Osha kwa maji mengi. Ikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka dakika 15 kisha nenda hospitali. Mtoto akiinywa, usimlazimishe kutapika. Mpeleke hospitali mara moja ukiwa na chupa yenyewe mkononi.

KIPI APEWE NANI?

Hapa ndipo penye uzito. Mwaka 2018 mtafiti Andrew Turner wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, alichapisha matokeo ya kupima vichezeo 200 vya plastiki vilivyotumika, kutoka majumbani, shule za watoto wadogo na maduka ya hisani. Katika vingi alikuta madini yenye sumu, yakiwemo risasi na kadimiamu, hasa katika vile vya rangi nyekundu, manjano na nyeusi. Vilitengenezwa kabla ya sheria za leo, wakati madini hayo yalitumiwa kutia rangi.

Risasi tunayoisema si ya bunduki, ni madini yanayoharibu ubongo wa mtoto unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, wanayajua vizuri. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaletea madhara hayo mpaka kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kichezeo kimoja si kiwanda, ni kweli. Lakini mtoto mdogo hukinyonya kila siku, na sabuni wala peroksaidi haitoi risasi iliyo ndani ya plastiki.

Sasa fikiri. Manjano yale, pamoja na ubaya wake, yalikuwa yanakuambia: mimi ni wa zamani. Ukiyaondoa, mama anayenunua hana njia ya kujua. Kwa hiyo kikundi kinachong'arisha vichezeo vya kuuza kiseme wazi kwamba ni vya zamani na si vya mtoto wa kunyonya vitu. Kunyamaza ni kumdanganya mnunuzi.

Tunapendekeza mgawanyo huu:

Watoto wa chini ya miaka 3: usiwape plastiki ya zamani usiyojua asili yake, hasa yenye rangi kali, iliyopakwa rangi inayobanduka, inayonata au iliyopasuka. Pia kitu chochote kinachopita ndani ya lile bomba la karatasi lililo katikati ya karatasi ya choo kinaweza kumkaba. Sufuria, kijiko cha mbao na mdoli wa vitambaa vinamtosha.

Watoto wa miaka 3 mpaka 6: vile vilivyo vizima, visivyobanduka rangi, vilivyooshwa. Wafundishwe kutovitia mdomoni, na wanawe mikono kabla ya uji.

Watoto wakubwa: matofali na magari mazima yanawafaa, meupe au ya manjano. Wao wenyewe wanaweza kusaidia kuosha kwa sabuni, lakini si kushika peroksaidi.

Vya kutupwa: vitupwe kweli, pamoja na taka zinazochukuliwa. Usivichome nyuma ya nyumba na usivitumie kuwasha jiko. PVC ikichomwa hutoa sumu ya dioksini, na moshi huo ndio mtoto uleule ataupumua.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Je, dawa ya meno au magadi yatang'arisha? Yatatoa uchafu wa juu kwa kukwaruza, basi. Manjano yatabaki.

Je, naweza kuweka juani bila peroksaidi? Unaweza kuzidisha manjano na kuifanya plastiki iwe kavu.

Nina vichezeo vichache na pesa kidogo. Nianze wapi? Anza na sabuni na kipande kimoja cha Jik ya kupimia. Peroksaidi isubiri. Shilingi uliyotaka kununulia weupe, nunua kalamu za rangi au mpira.

Mwalimu au mlezi ambaye hana hakika juu ya kichezeo fulani na akakiweka kando hajamnyima mtoto kitu. Kinga ni bora kuliko tiba. Mtoto atacheza, hata kwa kifuniko cha chupa na waya atajitengenezea gari. Kazi yetu ni kuhakikisha tunachompa mkononi hakimdhuru.